Mfuko mmoja wa urea au miwili? Maabara, kipima cha mkononi, shamba lenyewe na ushauri wa jumla

Kila Januari, mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yakifika magotini, mabishano huwa yale yale kuanzia Mbozi mpaka Mbinga. Mmoja anasema mfuko mmoja wa urea kwa ekari unatosha. Jirani yake anasema miwili, chini ya hapo ni kujichosha. Wa tatu, mara nyingi kijana aliyetoka mafunzoni juzi, anawaambia wote wawili wanabahatisha: kapimeni udongo kwanza.

Kijana ana hoja. Ila kuna jambo ambalo wanaohamasisha upimaji hulipita haraka. Ukiuuliza udongo habari za uchachu au fosforasi, unajibu vizuri. Ukiuuliza habari za naitrojeni, kile kirutubisho kilichomo kwenye urea, unajibu kwa kigugumizi. Kabla ya kuchagua njia ya kupima, ni vizuri kujua kigugumizi hicho kinatoka wapi, maana ndicho kinachozitenganisha njia hizi nne.

Namba moja, maana mbili

Tuseme cheti cha maabara kimeandika naitrojeni asilimia 0.1, kiwango cha kawaida kwa shamba lililolimwa miaka mingi. Tabaka la juu la sentimita 20 katika ekari moja lina udongo wa kama tani elfu moja na hamsini. Asilimia 0.1 yake ni zaidi ya kilo 1,000 za naitrojeni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Kwa hesabu hiyo umekalia mifuko zaidi ya arobaini, sasa unanunua nini?

Jibu ni kwamba karibu naitrojeni yote hiyo imefungwa ndani ya mboji, na muhindi hauwezi kuila mpaka vijidudu vya udongo viifungue. Kwa msimu hufunguka kama asilimia 1 mpaka 3, yaani kilo 10 hadi 31 kwa ekari. Tofauti kati ya kilo 10 na 31 inakaribia mfuko mzima wa urea. Kwa maneno mengine, cheti kimepima kwa usahihi kitu ambacho hakimalizi ubishi wenu wa Januari.

Kinachoamua ni asilimia 1 au ni 3 ni joto, unyevu, aina ya mabaki yaliyolimiwa chini na siku mvua zilipoanza. Miaka ya 1950 mtafiti aitwaye Birch, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha kuwa udongo uliokauka sana ukiloweshwa ghafla huachilia naitrojeni nyingi kwa mkupuo. Wazee walioshikilia kupanda na mvua za kwanza walikuwa wakiudaka mkupuo huo bila kuujua kwa jina. Anayechelewa wiki tatu anaukuta umeshazama na maji chini ya mizizi. Hakuna cheti cha Septemba kinachoweza kukuambia utapanda tarehe ngapi.

Vigezo vya kulinganishia

Nitaziuliza njia zote nne maswali yale yale. Inakuambia nini hasa kuhusu naitrojeni? Jibu linafika kabla ya kukuzia au baada? Inakudai nini, iwe fedha, muda au uangalifu? Inakosea wapi? Na mwisho, inamfaa nani? Sitoi bei, kwa sababu hubadilika kila msimu na kila wilaya. Ulizeni kabla ya kusafiri.

1. Ushauri wa jumla: mfuko kwa mfuko

Hii ndiyo njia ya wengi: mfuko mmoja wa DAP kupandia, mmoja au miwili ya urea kukuzia, kwa kila ekari.

*Inachosema kuhusu naitrojeni.* Inasema kuhusu eneo, haisemi kuhusu shamba lako. DAP ina kilo 9 za naitrojeni kwa mfuko, ukiongeza urea moja unafika kilo 32 kwa ekari. Kiwango hicho si cha ovyo. Muhindi unahitaji kilo 20 hadi 25 za naitrojeni mwilini ili kuzaa tani moja ya punje, na sehemu kubwa ya mbolea unayoweka haifiki kwenye mmea. Anayetarajia magunia 15 hadi 20 kwa ekari hayuko mbali sana.

*Muda na madai.* Jibu unalo tayari. Linadai fedha ya mbolea tu.

*Inakosea wapi.* Inalitendea shamba lililotoka kwenye maharage sawa na lililotoka kwenye mahindi miaka mitano mfululizo. Haijui kuwa kona ya juu ilikuwa zizi. Kosa kubwa zaidi ni pale udongo unapokuwa mchachu, pH (kipimo cha uchachu) chini ya 5.5: hapo mizizi hudumaa, fosforasi hufungwa, na urea ya pili inakuwa kama kumimina maji kwenye gunia. Urea na DAP zenyewe huongeza uchachu mwaka hadi mwaka, na SA (salfeti ya amonia, mbolea yenye naitrojeni na salfa) huongeza zaidi. Kwa hiyo ushauri uliofaa miaka kumi iliyopita unaweza kuwa ndio uliolifikisha shamba hapo.

Niongeze jingine. Tangu ruzuku ya mbolea irudi mwaka 2022, watu wengi huhesabu mifuko kwa ekari walizojisajili. Hiyo ni idadi ya mifuko unayoruhusiwa kununua. Shamba halikuulizwa.

*Inamfaa nani.* Anayelima ekari moja au mbili kwa mara ya kwanza mahali asipopajua, au aliyekodi shamba mwezi mmoja kabla ya mvua. Ni mahali pazuri pa kuanzia, mradi msimu ujao usianzie hapo hapo.

2. Maabara ya udongo

Tanzania wengi hupeleka kwenye vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo: TARI Mlingano kule Tanga, TARI Uyole Mbeya, au Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro. Kenya kuna maabara za KALRO, taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mifugo, maarufu ni ya Kabete.

*Inachosema kuhusu naitrojeni.* Kwa kawaida hupima naitrojeni yote, kwa njia aliyoibuni Johan Kjeldahl mwaka 1883 katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen. Alikuwa akitafuta protini kwenye nafaka ya kutengenezea bia, na sisi tumemrithi. Namba yake ni sahihi, na kasoro yake nimeshaieleza. Kinachokusaidia zaidi kwenye cheti hicho ni mistari ya jirani: pH, kaboni ya mboji, fosforasi, na salfa kama wameipima. Mistari hiyo ndiyo inayokuambia kama naitrojeni utakayoinunua itafanya kazi.

Maabara inaweza pia kupima naitreti, ile naitrojeni iliyo tayari kuliwa. Marekani wakulima wa mahindi hupima naitreti kwenye sentimita 30 za juu mahindi yakiwa bado mafupi, na ikifika miligramu 20 hadi 25 kwa kilo ya udongo wengi huacha kukuzia. Wazo ni zuri. Namba hiyo lakini ilipatikana kwenye udongo wao na mvua zao, usiibebe ilivyo ukaiweka Songea. Sampuli yake nayo lazima iwe baridi mpaka ifike maabara, kwa sababu udongo mbichi uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya basi la mchana huendelea kuchacha, na naitreti inabadilika kabla hujashuka stendi.

*Muda na madai.* Wiki kadhaa, na zaidi msimu unapokaribia kwa sababu kila mtu anakumbuka Oktoba. Peleka Julai au Agosti, mara baada ya mavuno. Unalipia vipimo na usafiri, na kazi ya kuchukua sampuli ni yako. Tembea shamba kwa mstari wa kipindapinda, chimba vituo 15 hadi 20 vya kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, punguza mpaka ibaki nusu kilo hadi kilo moja, anika kivulini, andika jina. Ruka kichuguu, chini ya mti, njia ya ng'ombe na palipolundikwa samadi. Bondeni na mlimani ni sampuli mbili, hata kama hati ya shamba ni moja.

*Inakosea wapi.* Mara nyingi kosa hutokea kabla ya maabara. Mwaka wangu wa kwanza nilichanganyia udongo kwenye ndoo niliyokuwa nimepimia DAP. Fosforasi ilisoma juu kiasi kwamba aliyenipa majibu aliniuliza kama nafuga kuku shambani. Maabara haikukosea, ilipima ndoo yangu.

Kosa la pili liko kwenye kusoma. Cheti kikiandika “kilo 60 za N kwa hekta” (N ni naitrojeni), usinunue kilo 60 za urea. Gawanya kwa 2.5 upate kilo 24 za N kwa ekari. Toa 9 zilizomo kwenye mfuko wa DAP, zinabaki 15. Urea ina asilimia 46 za naitrojeni, kwa hiyo unahitaji kilo 33 hivi za urea, yaani theluthi mbili za mfuko. Kwa CAN, mbolea nyingine ya kukuzia yenye asilimia 26, ni kilo 58. Nimeona cheti kizuri kikiharibiwa na hesabu hii mara nyingi kuliko nilivyoona cheti kibaya.

*Inamfaa nani.* Mwenye shamba lake mwenyewe, anayeweka mbolea kila mwaka na mavuno hayapandi. Anayefikiria kununua chokaa, ambaye bila kujua pH anatupa fedha. Kikundi au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayoweza kugawana gharama. Pima mara moja kila miaka mitatu au minne, kwa sababu pH na mboji hazibadiliki kwa msimu mmoja.

3. Kipima cha mkononi

Vifaa hivi vimeanza kuonekana kwa maafisa ugani wa halmashauri, na kampuni binafsi nazo huja navyo vijijini. Vile vya maana humulika udongo kwa mwanga usioonekana kwa macho, kisha hulinganisha mwanga uliorudi na hazina ya sampuli zilizokwisha kupimwa maabara. Vile vya kuchomeka ardhini vyenye sindano mbili na mshale, vinavyouzwa madukani na mitandaoni, ni jamaa wengine kabisa. Kwa naitrojeni usivitegemee.

*Inachosema kuhusu naitrojeni.* Kifaa cha mwanga huona vizuri mboji na kiasi cha mfinyanzi. Naitrojeni yote hukisiwa kutokana na mboji, kwa sababu hivyo viwili hutembea pamoja. Kwa hiyo kinakupa ile ile namba ya maabara, kwa usahihi pungufu kidogo. Fosforasi na salfa zilizo tayari kwa mmea kinazisoma kwa shida. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyotofautiana mbolea kwa miaka kumi yanaweza kutoka na majibu yanayofanana.

*Muda na madai.* Dakika chache, na unaondoka na ushauri kwenye simu. Hapa hakina mpinzani. Kinadai uangalifu ule ule wa kuchanganya sampuli, lakini wengi huruka kwa sababu kifaa kipo hapo hapo shambani: wanamulika shimo moja, wanasema shamba limepimwa.

*Inakosea wapi.* Kwenye udongo ambao hazina yake haiujui. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe hautendi kama mchanga wa Singida, na kifaa kilichofundishwa kwingine hukisia kwa kujiamini kule kule. Muulize aliyekuja nacho: kimelinganishwa na sampuli za wapi? Unyevu nao hukiyumbisha. Na kama aliyepima ndiye anayeuza mbolea, soma ushauri wake mara mbili.

*Inamfaa nani.* Mwenye ekari nyingi anayetaka kujua kipande kipi ni dhaifu kuliko kingine, maana kwa kulinganisha vipande vya shamba moja kinasaidia sana. Mkulima aliye mbali na maabara. Afisa ugani mwenye vijiji vitano na pikipiki moja.

4. Shamba lenyewe: kipande cha majaribio na jani

Njia hii haina jina la kuvutia, na nakiri naipendelea kidogo, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari hapa.

Pima vipande vitatu vya mita 5 kwa 5 sehemu ya shamba iliyo ya kawaida, si bora wala si mbovu. Vyote vipandwe kwa mbolea ile ile ya kupandia. Wakati wa kukuzia, cha kwanza usikiwekee kitu. Cha pili kiwekee gramu 300 za urea, ambazo ni sawa na mfuko mmoja kwa ekari. Cha tatu gramu 600. Fukia yote, maana urea inayoachwa juu ya udongo wenye unyevu huvukia hewani kama amonia, na utakuwa umepima upepo.

*Inachosema kuhusu naitrojeni.* Inasema hasa ulichouliza: mfuko wa kwanza unaongeza nini, na wa pili unaongeza nini juu yake. Vuna kila kipande peke yake, kausha, pukuchua, pima. Kilo 1 ya tofauti kwenye kipande ni kilo 162 kwa ekari. Mfuko wa kwanza ukiongeza kilo 2, umekuletea kilo 324, gunia tatu na ushei. Wa pili ukiongeza robo kilo, umekuletea kilo 40. Weka bei ya gunia na bei ya mfuko, hesabu imekwisha. Vipande vyote vitatu vikilingana, shida yako iko kwingine: uchachu, fosforasi, salfa, au mbegu. Hapo ndipo maabara inapopata kazi.

Jani hukusaidia msimu ukiwa unaendelea. Upungufu wa naitrojeni kwenye mahindi huanzia majani ya chini: njano inaingia kutoka ncha, ikifuata mshipa wa kati kama herufi V. Ikiwa majani machanga ya juu ndiyo yaliyopauka na ya chini bado ni kijani, shuku salfa, na SA itakufaa kuliko urea. Zambarau kwenye miche ni ya fosforasi, ingawa baridi ya Njombe nayo huileta kwa muda. Wakulima wa mpunga wana kadi ya rangi ya IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, yenye vivuli vinne vya kijani. Unachukua majani kumi, lile changa zaidi lililokunjuka lote, unayasoma ukiwa umeyatia kivuli kwa mwili wako na saa ile ile kila mara. Sita kati ya kumi yakiwa mepesi kuliko kiwango cha mbegu yako, unaweka mbolea.

*Muda na madai.* Jani linajibu siku hiyo hiyo. Vipande vinajibu baada ya mavuno, kwa ajili ya msimu ujao. Vinadai kamba, vigingi vinne kwa kila kipande, mizani, na nidhamu ya kutoruhusu watoto wachume mahindi mabichi pale.

*Inakosea wapi.* Mwaka wa ukame vipande vyote huonekana sawa, na mwaka wa mafuriko hali kadhalika. Msimu mmoja hautoshi, fanya miwili au mitatu. Jani nalo husema likiwa tayari limeumwa, na maji yaliyotuama hulipaka njano ile ile ya njaa.

*Inamfaa nani.* Mkulima anayekaa karibu na shamba lake na anayeandika daftari. Kwa shamba la kukodi mwaka mmoja, vipande havina faida kwako, unampimia mwenye shamba.

Kuchagua kwa hali yako

Umekodi shamba, mvua ni wiki ijayo: chukua ushauri wa jumla, gawa urea mara mbili (mahindi yakifika magotini, na tena kabla ya mbelewele), na uamue ya pili kwa kuangalia majani ya chini na mvua ilivyokwenda.

Shamba ni lako, unaweka mbolea kila mwaka na magunia hayaongezeki: maabara kwanza, Julai. Usinunue mfuko wa pili wa urea mpaka uione pH. Ikiwa chini ya 5.5, bajeti ya mfuko huo ipeleke kwenye chokaa ya kilimo. Minjingu, mbolea ya fosfati ya kupandia, nayo hufanya kazi vizuri zaidi kwenye udongo mchachu wa namna hiyo kuliko kwingine.

Mavuno yanakwenda vizuri, unataka tu kujua kama mfuko wa pili unajilipa: vipande vitatu. Hakuna cheti kitakachokujibu swali hilo kwa fedha.

Una ekari thelathini zenye mabonde na miinuko: kipima cha mkononi kikuchoree wapi ni dhaifu na wapi ni imara, kisha peleka maabara sampuli tatu au nne tu kutoka sehemu zilizotofautiana.

Uliweka samadi nyingi, au shamba limetoka kwenye maharage au mbaazi: punguza urea ya kwanza, acha ukanda wa mistari minne uliopata kiwango kamili, na uutazame. Ukanda ukibaki kijani zaidi ya shamba lote wiki tatu baadaye, ongeza. Usipoona tofauti, mfuko uliobaki uweke juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, uufunge vizuri.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, angalia kizibo cha soda mkononi mwa vibarua. Kikijaa hubeba takriban gramu 5 za urea. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mimea miwili kwa shimo, kizibo kimoja kwa shimo ni kama mfuko mmoja kwa ekari. Kwa 75 kwa 30, mmea mmoja mmoja, kizibo hicho hicho kwa kila mmea kinakaribia mifuko miwili.